Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: mji huu uligawanywa na nani?

Kila masika, maji ya mto Msimbazi jijini Dar es Salaam yakishapanda pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yakakatishwa safari, mabishano yale yale huanza mitandaoni. Mmoja ataandika, "Watu wa mabondeni wabishi, walishaambiwa wahame." Wa pili atamjibu kwamba wanyonge wanaonewa. Wa tatu, akiwa zake Mikocheni kwa wenye nazo, atafunga mjadala: "Uswahilini ndivyo kulivyo." (Mikocheni nako hujaa maji, ila kule huitwa tatizo la mitaro.)

Hawa watatu wanagombana, lakini kuna jambo wanakubaliana bila kujua: kwamba mtaa hufanana na watu wake. Wenye fujo hukaa kwenye fujo, waliostaarabika hukaa penye miti na kivuli. Nadhani imani hiyo ndiyo inayotuchanganya. Mimi nitaanza na mtaa: uliwekwa pale na nani, kwa kanuni gani, na kanuni hiyo ilimchuja nani. Tabia za mkazi zisubiri.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kwa maneno. Kundi la kijamii si kabila peke yake. Wapangaji ni kundi, wenye nyumba ni kundi. Machinga, waumini wa msikiti mmoja, watu waliotoka wilaya moja, watumishi wanaosubiri mgao wa viwanja, hao wote ni makundi, na mtu mmoja anaweza kuwamo katika manne kwa mpigo. Mazingira ya mji ni vile vitu unavyovikuta asubuhi hata kama hukuvitaka: upana wa barabara, ukubwa wa viwanja, bomba la maji lilipokomea, bonde, kituo cha daladala, pamoja na kanuni zinazosema nani ajenge nini na wapi. Kanuni nazihesabu humo kwa makusudi, kwa sababu huishi muda mrefu kuliko kuta.

Kisha kuna ujazo. Katika mipango miji, eneo la ujazo mdogo ni lile lenye viwanja vikubwa na nyumba chache, na la ujazo mkubwa lina viwanja vidogo na nyumba nyingi. Watu huchanganya hapa wanaposoma matangazo ya halmashauri: kiwanja cha ujazo mkubwa ndicho kidogo. Mwisho ni makazi yasiyopimwa, ambayo wengi huyaita makazi holela. Ni maeneo ambayo watu walinunua ardhi na kujenga kabla mpima hajafika. Kwa Dar es Salaam, makadirio yanayotumika sana husema asilimia 70 au zaidi ya wakazi huishi katika maeneo ya namna hiyo. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa huo watu 5,383,728, kwa hiyo tunapozungumzia makazi holela tunazungumzia sehemu kubwa ya mji wenyewe.

Kanuni iliyotaja nyumba, haikutaja mtu

Ukiulinganisha na Kilwa au Mombasa, Dar es Salaam ni mji mchanga. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla haujakua. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wala hawakuchelewa kuweka kanuni za ujenzi. Kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa na mpango wa kuugawa mji mafungu matatu. Vita vikawang'oa, Mwingereza akaurithi mpango ule na kuutekeleza katika miaka ya 1920.

Fungu la kwanza lilikuwa mashariki, kunakopiga upepo wa bahari. Huko ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Ulaya tu, zenye nafasi kuzizunguka. La pili lilikuwa katikati, la nyumba za vifaa vya kudumu, duka chini na familia juu. La tatu lilikuwa magharibi, Kariakoo, ambako mtu aliweza kujenga nyumba ya aina yoyote, hata ya miti na udongo iliyoezekwa makuti. Wananchi hawakuhitaji kuonyeshwa ramani. Wakayaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na majina ya namna hiyo utayasikia hadi leo Dodoma na Mbeya.

Wengi huteleza hapa. Hudhani palikuwa na kibao kilichoandikwa kwamba Mwafrika haruhusiwi, kama ilivyokuwa Afrika Kusini. Kanuni za mafungu haya zilitaja aina ya nyumba, hazikutaja rangi ya mkazi. Tanganyika ilikuwa imekabidhiwa kwa Mwingereza na Shirikisho la Mataifa, na sheria ya kubagua waziwazi ingeleta maswali huko Geneva. Basi ikatumika njia ya adabu zaidi, ambayo kamati za harusi za mjini zinaijua vizuri. Kamati haiandiki popote kwamba shangazi wa kijijini asije. Inaandika mchango tu, kadi ya singo kiasi hiki, ya dabo kiasi hiki, na siku ikifika ukumbi umejaa watu wa mfuko mmoja, na hakuna aliyefukuzwa mlangoni.

Mchango wa kuingia Uzunguni ulikuwa saruji, mawe na ukubwa wa kiwanja. Mwafrika aliyetaka kujenga nyumba ya kudumu alihitaji mkopo, na sheria ya enzi hiyo ilibana mikopo kwake: aliyemkopesha bila idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilielezwa kwamba ni kumlinda asije akafilisiwa. Alilindwa kweli, kiasi kwamba hakuweza kununua mabati. Kiwanja chake cha Kariakoo nacho hakikuwa na hati ya miaka mingi ambayo angeweza kuiweka rehani. Kwa hiyo hakuna aliyemkataza kwenda Uzunguni. Alikatazwa kila kitu ambacho kingemfikisha huko.

Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa ukanda mzima wa ardhi bila majengo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, malaria hasa: mbu asivuke kutoka kwa mgonjwa wa upande mmoja kwenda kwa mzima wa upande wa pili. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Leo watu hukaa pale chini ya miti wakila mihogo, Mnara wa Uhuru ukiwa pembeni yao, na ni wachache wanaojua kwamba uwazi ule uliwekwa ili wasikaribiane na jirani.

Mstari wenyewe haukushika sana, na hilo ni la kukumbuka kila mtu anapodai kwamba mpango ukichorwa basi umetimia. Wahindi wenye maduka waliingia Kariakoo kwa sababu wateja walikuwa huko. Washihiri, Waarabu waliotoka Hadhramaut, walifungua viduka vyao katikati ya Uswahilini na kulala humo humo. Nyuma ya kila nyumba ya Mzungu palikuwa na vyumba vya mpishi, dobi na mtunza bustani, wote Waafrika, wote wakazi halisi wa Uzunguni ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu kuwa wa Uzunguni.

Rangi ikafutwa, mita zikabaki

Mwaka 1949 ulitoka mpango mpya wa mji, na lugha yake ilikuwa imebadilika. Badala ya Mzungu, Mhindi na Mwafrika ukaja ujazo. Oysterbay ikawa ujazo mdogo. Upanga, walikojengewa Waasia, ukawa wa kati. Ilala, Magomeni na Temeke zikawa ujazo mkubwa. Ukiitandaza ramani hiyo juu ya ile ya mafungu matatu utaona ni dada zake.

Kwa hiyo uhuru ulipofika Desemba 1961, cha kufuta kilikuwa kidogo. Ubaguzi wa rangi unaweza kuupiga marufuku kwa azimio moja. Mita za mraba huwezi. Nyumba ya Oysterbay ilihama kutoka kwa ofisa wa Kiingereza kwenda kwa ofisa wa Kitanganyika, pamoja na bustani yake na lami yake. Kila aliyemfuata hapo, awe wa chama, wa shirika la umma au wa ubalozi, alikuta nafasi ya familia moja pale ambapo Magomeni wangekaa watu wa nyumba kadhaa.

Serikali mpya haikukaa kimya. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likaanza kubomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali. Aprili 1971 ilipita sheria ya kutaifisha majengo: jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 likawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Waliokuwa na majengo ya aina hiyo walikuwa Waasia kwa sehemu kubwa, na wengi waliondoka nchini miaka iliyofuata. Wengine walibaki palepale kama wapangaji katika nyumba walizozijenga wenyewe. Katikati ya mji wakaingia wapangaji wapya, wengi wao watumishi wa umma. Kundi lilibadilika. Ngazi zilibaki zile zile, vibaraza vya juu vilevile, na maduka ya chini yakaendelea kuwa maduka.

Mipango mikuu ya 1968 na 1979 iliendelea na ujazo, na mpaka leo ukienda kununua kiwanja cha halmashauri utaulizwa unataka ujazo gani. Hakuna anayefikiria rangi anapojibu. Anafikiria pesa, na hapo kanuni ya zamani inaendelea kufanya kazi kwa mkono mwingine.

Yapo majaribio ya kuivunja, nayo yana funzo lake. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza na Kijitonyama zilipimwa ili watu wa kipato cha chini wapate viwanja vyenye barabara na maji, huku Manzese ikiboreshwa bila kubomolewa yote. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kiwanja kilichopimwa, kwenye barabara nzuri, karibu na mji, hakiwezi kukaa mikononi mwa mtu mwenye shida ya ada za shule huku jirani mwenye fedha akibisha hodi. Wengi waliuza. Nenda Sinza leo ukaulize bei ya kiwanja, kisha uulize kama aliyekusudiwa angeweza kuinunua. Mradi wa viwanja 20,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliofika Bunju, Mbweni, Kibada na kwingineko, ulipimwa vizuri zaidi na ukaishia kwa tabaka la kati kwa haraka zaidi.

Dar es Salaam haiko peke yake. Nairobi iligawanywa kwa mantiki hiyohiyo: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi, Wahindi Parklands, Waafrika Eastlands. Zanzibar, Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa, lakini muulize mzee wa Unguja anakwenda wapi akivuka barabara ile, atakuambia bado anakwenda Ng'ambo.

Nyumba ya vyumba sita

Mpaka hapa nimeeleza jinsi mji unavyowapanga watu. Upande wa pili, jinsi watu wanavyoupangua mji, unaonekana vizuri zaidi ukiingia ndani ya nyumba.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya zamani, Magomeni au Ilala, zile ambazo bado hazijapisha ghorofa. Mbele kuna baraza, juu yake mkeka au benchi, na mara nyingi meza ya vitafunio au mashine ya kushonea. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, kila mlango na pazia lake. Ukumbi unatokea uani. Huko kuna choo, bafu, kamba za nguo, ndoo za maji zilizoandikwa majina kwa rangi, na majiko ya mkaa yaliyopangwa kwa utaratibu ambao mgeni hauoni lakini wenyewe wanaujua. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili. Vilivyobaki vina wapangaji.

Mita ya luku ni moja. Hiyo peke yake ni serikali. Umeme ukikaribia kwisha mtu hupita akigonga milango kukusanya michango, na hapo huzuka hoja ya siku zote: mwenye friji alipe sawa na mwenye taa moja? Nyumba nyingi zina sheria zake. Friji inaongezewa kiasi, pasi inapigwa siku fulani, jiko la umeme halitakiwi kabisa. Kijana aliyezoea kupikia jiko hilo kwa siri hugundulika kwa sababu moja, yuniti zinakimbia. Kikao hufanyika uani, mama mwenye nyumba akiwa kwenye kiti na wengine wamesimama, na uamuzi ukitoka hakuna rufaa.

Wengi husema "watu wa uswahilini wanapenda kubanana", na jibu liko hapa. Kubanana kule ni uchumi. Vyumba vinne vya kupangisha ndiyo pensheni ya mwenye nyumba, na wengi wa wenye nyumba hao wamekuwa wanawake, wajane na waliotalikiwa, ambao hawakuwa na njia nyingine ya kumiliki kitu mjini. Kwa mpangaji, chumba kile ni mlango wa kuingilia mjini. Analipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, dalali anachukua ya mwezi mmoja, na kesho yake ana anwani, jirani wa kumwachia mtoto na mtu wa kumwambia wapi kuna kibarua. Mpango wa mji uliandika "nyumba moja". Wakazi wakaweka kaya tano ndani yake, kwa sababu kanuni ilikuwa imewapa ardhi ndogo kuliko mahitaji yao.

Wakati wa Mwingereza jambo hilo lilizaa kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango wowote. Waafrika waliotoka pande zote za nchi walirundikwa katika mitaa iliyonyooka ya Kariakoo, chumba kwa chumba, Mzaramo na Mnyamwezi na Mngoni na Mmanyema. Wakaanzisha vyama vya kuzikana na vya ngoma. Utani wa makabila, uliokuwa kati ya koo na koo huko bara, ukawa njia ya majirani wasiojuana kupeana heshima na kusaidiana misiba. Yanga ilizaliwa 1935 na Simba 1936, zote mitaa hiyohiyo. Na TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, iliundwa Kariakoo. Mtaa uliokusudiwa kuwaweka watu mbali na serikali ndio uliotoa chama kilichoitwaa serikali. Ukitaka mfano wa kundi la kijamii lililotengenezwa na mpangilio wa mitaa, sijui mfano mzuri kuliko huo.

Kariakoo yenyewe leo ni somo jingine. Viwanja vyake vilikatwa kwa kipimo cha nyumba ya vyumba sita ya chini. Juu ya viwanja hivyo hivyo sasa yamesimama maghorofa, ukuta kwa ukuta, na mengine yamechimbiwa maduka chini ya ardhi. Novemba 2024 mojawapo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya ajali yalizungumzwa sana mambo ya mafundi na vibali, na ilistahili. Iliyozungumzwa kidogo ni hiyo hali ya msingi: mji wa biashara wa karne hii umebebeshwa juu ya vipande vya ardhi vilivyokatwa kwa ajili ya nyumba za udongo.

"Kimara ya wale, Mbagala ya hawa"

Dhana nyingine ya vijiweni ni kwamba mitaa ya Dar ina makabila yake: Kimara ya watu wa kaskazini, Mbagala ya watu wa kusini. Kuna chembe ya ukweli, lakini sababu yake haina ukabila ndani yake. Ni barabara. Basi la Lindi na Mtwara huingilia Barabara ya Kilwa, na Barabara ya Kilwa hupita Mbagala. La Moshi na Arusha huingilia Barabara ya Morogoro, na Kimara iko juu yake. Mgeni hushukia alipo mwenyeji wake, naye mwenyeji alishukia alipo wake. Baada ya muda mtaa unakuwa na lafudhi fulani, duka fulani la vyakula vya nyumbani, na jumuiya inayokutana kila mwisho wa mwezi. Lakini hakuna mtaa wa Dar unaoweza kuutembea mlango hadi mlango ukakuta kabila moja, na mchango wa nyumba ya vyumba sita katika hilo ni mkubwa kuliko tunavyoukiri. Mwenye nyumba anatafuta mpangaji anayelipa. Dalali haulizi kabila, anaulizia "unafanya kazi wapi?"

Hali hiyo haiji yenyewe. Nairobi, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika sehemu za Kibera na Mathare, mstari kati ya mwenye nyumba na mpangaji uliangukia karibu na mstari wa kabila, na ugomvi wa kodi uliokuwepo miaka mingi ukapata bendera ya siasa. Watu walifukuzwa vyumbani mwao kwa jina la ukoo. Makundi mawili yanayogawana ua mmoja huishi kwa makubaliano. Yakigawana nyumba kwa namna ambayo wa upande mmoja daima anadai na wa upande mwingine daima anadaiwa, inabaki kusubiri kiberiti.

Aliyeko bondeni

Turudi kwenye mabonde sasa, tukiwa na hayo yote mkononi.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mkazi wa makazi yasiyopimwa ni mvamizi. Wengi walinunua. Utaratibu unajulikana: mnatembea na muuzaji kwenye shamba lake, mnapima kwa hatua, ishirini kwa ishirini, mnapanda mti au mkonge kwenye kona, kisha mnakwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mkataba unaandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, wanasaini mashahidi wa pande zote mbili, mjumbe anasaini, mwenyekiti anagonga muhuri, na kuna kiasi kinachoachwa ofisini. Kwa mnunuzi, serikali imemwona na imegonga muhuri. Miaka kumi baadaye serikali nyingine, yenye gari la buluu na rangi nyekundu ya kuandikia "X", inamwambia haimfahamu.

Pili, makazi yasiyopimwa si ya maskini pekee. Makongo Juu, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulijengwa majumba makubwa ya wasomi na watumishi wa juu bila mpangilio, na njia za kupita zikawa za kubahatisha. Hakuna aliyewaita wabishi. Leseni za makazi zilizoanza kutolewa katikati ya miaka ya 2000, na urasimishaji uliofuata, yaani kupima na kutoa hati mahali palipokwisha kujengwa, ni serikali kukiri kwamba haiwezi kuubomoa mji wake.

Lakini bonde la Msimbazi ni jambo tofauti, kwa kuwa maji hayajali muhuri. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa mji. Baadhi walirudi bondeni. Walioona hili mitandaoni walisema: unaona, wabishi. Hesabu yake ni hii: anayeuza samaki Feri au kubeba mizigo Kariakoo anatoka saa kumi usiku, na kutoka Jangwani anakwenda kwa miguu. Kutoka Mabwepande anahitaji nauli ya kwenda na kurudi kabla hajapata hata shilingi, tena saa ambazo daladala hazijaanza. Alichopewa kilikuwa kiwanja kizuri zaidi. Alichonyang'anywa ni umbali mfupi, na umbali mfupi ndio uliokuwa mtaji wake. Machinga walioondolewa barabarani Oktoba 2021 na kuelekezwa kwenye masoko walisema neno lilelile kwa lugha yao: meza tumepata, wapita njia hatujapata.

Sisemi watu waachwe bondeni. Wanaokufa kwenye mafuriko ni haohao. Ninachosema ni kwamba ukimtazama aliyeko bondeni kama mtu mwenye tabia fulani, utamwandalia semina na tingatinga. Ukimtazama kama mtu aliyechujwa na bei ya ardhi kavu iliyo karibu na kazi yake, utaanza kuulizia nauli, vyumba vya kupanga na saa za basi la kwanza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo karibu kila mradi hulikosea. Fidia ya kawaida hufuata mmiliki. Nyumba ikibomolewa, mwenye nyumba anathaminiwa kuta, ardhi na usumbufu. Familia nne au tano zilizokuwa nyuma ya mapazia yale mara nyingi huondoka na magodoro yao, zikiwa zimelipa kodi ya miezi ambayo hazitaikaa. Kwenye takwimu inaandikwa nyumba moja.

Magomeni Kota ilikwenda njia nyingine. Kaya 644 za kota zile za zamani, wapangaji wote, ziliondolewa, kukajengwa maghorofa, na yalipozinduliwa Machi 2022 wakazi wale ndio waliokuwa wa kwanza kwenye mgao. Iliwezekana kwa sababu moja isiyo na maajabu yoyote: majina yao yalikuwepo. Walikuwa wapangaji wa umma, kwa hiyo kulikuwa na orodha ya kila mlango na aliyemo. Mpangaji wa Mkwajuni au Hananasif, kwenye bonde la Msimbazi, hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote, isipokuwa lile daftari la mama mwenye nyumba, lenye hesabu za luku.